Nusu ya Mkeka

Ili uuone mkeka wa Kadzo ilikubidi uchague saa. Ukija asubuhi uliona ukuta mweupe wenye michirizi, ukasema moyoni kwamba watu wa Mombasa wamezidi, hata ukuta uliokwaruzwa na paka wanauita sanaa. Ukija jioni hukuona kitu, maana kichochoro chote kilikuwa kivulini. Lakini ukisimama pale Kibokoni baada ya swala ya Adhuhuri, jua likiwa limepinduka na kuanza kuteremka nyuma ya nyumba ya mkabala, basi umebahatika. Kivuli cha nyumba hiyo kilivuka njia, kikaanza kuupanda ukuta taratibu, na kilichotangulia kilikuwa kivuli cha ukingo wa darini, juu ya paa tambarare: nguzo za mti, nene kama mkono wa mtu mzima, zimesimama wima moja baada ya nyingine. Nguzo zilipopita juu ya michirizi, michirizi ikasukika. Ukaona mkeka, tena mkeka wa haki, unaodhani ukiushika pembe utaukunja na kuutia kwapani.

Uchawi haukuwapo. Miyaa ya kulala, zile chane za kusukia mkeka, aliichonga Kadzo kwenye chokaa, mahali ameuinua mwaa, mahali ameuzamisha. Miyaa ya kusimama ililetwa na jua kutoka nyumba ya jirani. Kila upande peke yake si kitu. Zikikutana zile nusu mbili, kwa muda mfupi kabla kivuli kizima hakijaumeza ukuta, watu wazima walisimama midomo wazi na bajia zao zikapoa mikononi.

Kadzo Kaingu alizaliwa Kaloleni, na mkeka aliujua kabla ya kujua kusoma, maana mamake alisuka, na watoto wa nyumba ile walikula, wakalala na wakaugulia juu ya kazi ya mikono yake. Ufundi wa chokaa aliupata mjini. Kwa miaka mingi aliwachongea matajiri wa Mtwapa na Diani mapambo ya ukutani, maua yale yale na nyota zile zile, na matajiri wakatundika televisheni juu yake. Alichoka. Alipouona ukuta wa duka la Gharib, mkubwa, mtupu, unapandwa na kivuli cha nguzo kila siku na hakuna anayekitazama, alihisi kama mtu aliyeitwa kwa jina lake. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza aliyoifanya bila kuagizwa na mtu, na hakuwa tayari kuona inaguswa.

Ruhusa aliomba, tusimwonee. Alimwomba Gharib, muuza kamba na misumari, ambaye ukuta ni wake. Aliomba katika ofisi inayosimamia majengo ya Mji wa Kale. Alikwenda hata kwa imamu wa msikiti wa jirani, yeye Mkristo, akamuuliza ni saa gani nyundo yake haitawaudhi wanaosali. Wote aliwauliza. Mwenye nguzo hakumuuliza. Haikumpitikia kwamba kivuli kina mwenyewe, na katika mitaa ile, ambako mtu hapiti mbele ya baraza ya mwenziwe bila kutoa salamu, kosa hilo lilikuwa kubwa kuliko alivyodhani.

Lilifichuka kwa picha. Wale wanaotembeza wageni Ngome ya Yesu walikuwa wameshaujua mkeka, na ikawa kila siku kikundi kinaletwa, kinapangwa kichochoroni na simu zinainuliwa. Siku moja mgeni mmoja alipiga picha wakati katikati ya mkeka pameingia kivuli cha mtu. Mwanamke. Kichwa wazi, nywele zimesukwa mabutu, mgongo umepinda, mkono umeinuka mdomoni kama anayeonja kitu. Picha ikaruka kutoka simu hadi simu. Watu wa mbali waliisifu, wakasema fundi amefanya makusudi, tena kafanya vizuri mno. Watu wa Kibokoni hawakusifu. Waliitazama mara moja tu, wakaulizana kwa sauti ya chini, "Huyu si Bi. Mwanakheri?"

Alikuwa ndiye. Mgongo ule hauna wa pili mtaani. Alikuwa juu ya dari yake mwenyewe, nyuma ya ukingo unaompita kimo, anageuza masinia ya maembe aliyoyaanika kwa ajili ya achari, na kipande kimoja akakitia mdomoni kuonja kama pilipili imekolea. Tangu aolewe katika nyumba ile hakuna mwanamume wa nje aliyewahi kumwona kichwa wazi, na sasa alikuwa ameonwa na watu wasiojua hata Mombasa iko upande gani.

Mwanawe, Abdulhalim, aliteremka kichochoroni siku hiyo hiyo. Abdulhalim alikuwa dereva wa winchi bandarini, mtu mkubwa mpole anayeinua makontena kutwa, na hata akiwa amekasirika alikuwa hawezi kuruka salamu.

"Masalkheri, dada Kadzo."

"Masalkheri, kaka Abdulhalim."

"Hujambo? Na wazee Kaloleni hawajambo?"

"Hawajambo, alhamdulillahi," Kadzo akajibu, kwa lugha ya mtaa.

"Basi sikiza. Ule ukingo nauondosha. Ijumaa ikipita mafundi waja, najenga matofali mpaka juu ya kichwa."

Kadzo aliweka chini ndoo aliyokuwa ameshika. "Kaka, ukiuondosha ule ukingo, mkeka hautakuwapo tena."

"Mamangu amesitirika umri wake wote. Leo yumo kwenye simu za watu, na watoto wa dukani wanamwigiza anavyoonja embe. Angekuwa ni mamako, ungefanyaje?"

Kadzo aliinua macho, akautazama ukingo. Angekuwa ni mamake asingengoja Ijumaa.

Abdulhalim akaaga kwa heshima, akaondoka. Hasira za mtu mwenye adabu zinauma kuliko matusi, kwa sababu hazikupi pa kujibia. Kadzo alibaki amesimama mbele ya ukuta wake, na aibu ikampanda kwanza, kabla ya hofu. Hofu ikafuata nyuma yake. Msimu mzima wa kukwangua chokaa kwa tindo, vumbi machoni, vidole vimepasuka, na zilikuwa zimebaki siku chache kazi ile igeuke kuwa mikwaruzo tu.

Gharib, aliyesikia yote kutoka nyuma ya marobota yake ya kamba, alitoka na shauri lililokwisha kuiva. Gharib alikuwa na shauri kwa kila mtu na hakuwahi kutumia hata moja yeye mwenyewe.

"Mshitaki," alisema. "Nyumba za huku haziguswi ovyo. Kutia matofali juu ya nyumba ya kale bila kibali, hata kwa mchezo hawakubali. Wewe nenda pale ofisini, sema neno moja tu, mafundi wake hawatapanda hata ngazi."

"Nimemvunjia mamake heshima, halafu nikamshitaki?"

"Sheria ni sheria."

"Na kesho nitasimama hapa nimtazame usoni vipi? Hapana, Gharib. Ukingo ule ukibaki kwa kulazimishwa, sitaweza kuutazama mkeka wenyewe."

"Basi uza," Gharib akasema. "Yule binti wa hoteli amekuja tena."

Binti wa hoteli alikuwa Ashley, mtu wa Nairobi, mkarimu na mwepesi wa kucheka, ambaye kazi yake ilikuwa kutafuta vitu vya kupendeza kwa hoteli kubwa iliyo ng'ambo ya daraja, Nyali. Alikuwa amesikia habari za matofali kabla hata jua halijatua. Alimkuta Kadzo ameketi barazani mwa duka, akaketi naye, akamweleza bila kuzunguka.

"Tutaukata ukuta vipande, taratibu, tuna mafundi wazuri. Tutaupanga tena ukumbini kwetu. Mbele yake tutasimamisha nguzo kama zile za jirani, na nyuma ya nguzo tufunge taa. Mkeka utaonekana saa zote, hata mvua ikinyesha. Mzee Gharib atajengewa ukuta mpya. Na wewe jina lako litaandikwa pale chini, kila mgeni alisome."

Gharib alikuwa anakubali kwa kichwa kabla sentensi haijaisha.

"Saa zote?" Kadzo aliuliza.

"Saa zote."

"Mkeka huu huja na kivuli, Ashley. Watu wanausubiri, na ukifika wanajua utaondoka. Ukiuwekea taa ubaki pale mchana na usiku, huo ni ukuta mwingine. Na zile hazitakuwa nguzo za mtu. Zitakuwa nguzo tu."

"Lakini hapa unakufa," Ashley alisema, na alisema kwa huruma ya kweli. "Kwangu angalau kitabaki kitu."

Maneno hayo yalimkaa Kadzo kifuani usiku kucha. Asubuhi alipoamka alikuwa ameshakata kauli, na mtu wa Kaloleni akikata kauli, bora umpishe njia. Hatashitaki. Hatauza. Ataubisha ule mlango ambao alipaswa kuubisha kabla hajanunua hata kilo moja ya chokaa.

Mkono mtupu hauingii nyumba ya watu. Kadzo alipiga simu kwao, na gari la kwanza la asubuhi likamletea kikapu cha maembe mabichi. Aliyajua yanayofaa, kwa kuwa harufu ya achari ilikuwa imemkaa puani kwa muda wote aliofanya kazi chini ya dari ile. Akajitanda leso, akavuka kichochoro, akasimama mbele ya mlango mkubwa wa mbao.

"Hodi!"

Akabisha tena.

"Hodi ya nani?" sauti ikauliza kutoka juu.

"Ya Kadzo, Bi. Mchonga ukuta."

"Ala! Leo ndiyo wajua kama nyumba hii ina mlango?" Halafu, "Panda."

Ngazi zilikuwa kali, nyembamba, za mawe. Bi. Mwanakheri alikuwa ameketi chumba cha juu juu ya busati, miguu ameinyoosha mbele, mdogo kuliko kivuli chake. Magoti yalikuwa yamemkatalia ngazi zile zamani. Dunia yake ilikuwa chumba hicho na zile ngazi chache za mbao za kupandia darini. Alipokea shikamoo, akapokea kikapu, akatoa embe moja, akalikata kwa kisu chake, akatazama ndani.

"Kokwa bado laini. Ya kwenu?"

"Ya kwetu, Bi."

"Mazuri." Akakiweka kikapu kando. "Sasa niambie. Gharib ulimuuliza?"

"Nilimuuliza."

"Na wakubwa wa ofisini?"

"Nao."

"Na imamu, nasikia."

"Na imamu pia, Bi. Kwa sababu ya kelele."

"Na miye je? Kivuli cha nyumba yangu ulidhani ni cha nani, cha serikali?"

Kadzo alitaka kucheka na kulia kwa pamoja. "Nilidhani hakina mwenyewe," alisema. "Nilisimama pale chini nikaitazama dari yako msimu mzima, nikachukua kila nilichotaka, wala sikukubishia hodi hata mara moja. Nimekosa, Bi. Sikuja kujitetea. Nimekuja kukuomba radhi."

Bi. Mwanakheri alikata embe jingine, na jingine. Alikuwa mwanamke wa kumwacha mtu angoje.

"Radhi umepata," alisema mwishowe. "Lakini nakwambia, kilichoniuma si ile picha. Mabutu yangu nilikuwa nimeyasuka vizuri. Kilichoniuma ni kwamba watu wote mmeulizana, miye hakuna aliyeniuliza. Hata huyu mwanangu. Ataka kuleta matofali, anizungushie kama kuku. Achari yataka jua na upepo. Ukiizibia upepo yaota ukungu. Nilipomwambia, akasema, 'Mama, nakusitiri.' Haya, anisitiri, nami nife kwa joto."

Kadzo aliomba kupanda darini. Aliomba, mara hii, na bibi akapanda naye, kisu mkononi, kuyageuza masinia yake.

Kule juu alizunguka ukingo mzima, akizishika nguzo moja moja kama mganga anayemshika mgonjwa. Kwa chini zilikuwa zimeoza kweli, ukizisukuma zilicheza. Kwa juu zilikuwa ngumu, mti wa zamani, hazijaguswa na mchwa. Akampima Bi. Mwanakheri kwa macho, kimo chake na mgongo wake ule, akiwa ameinama juu ya masinia. Akatazama chini kwenye ukuta wake, ng'ambo ya kichochoro. Kitu kimoja alikuwa amejifunza kwa kutazama vivuli muda mrefu: nguzo nene kivuli chake huvuka njia na kufika, upenyo mwembamba wa kupitisha kidole haufiki, mwanga wake hupotea njiani. Upepo lakini hupita.

Alirudi, akachuchumaa mbele ya bibi.

"Bi, kama tukiikata ile sehemu iliyooza? Chini tupige mbao zilizobanana, mpaka juu ya kichwa chako ukiwa umeinama, na kati ya ubao na ubao tuache upenyo wa kidole. Upepo utapata. Kule ng'ambo hakuna atakayeona kitu. Halafu juu ya mbao tuzirudishe zile nguzo, nusu yake ile nzima."

"Na mkeka wako?"

"Ule utakufa. Niliuchonga kwa nguzo ndefu. Nguzo zikiwa fupi, kabla hazijafika juu, kivuli cha mbao kitakuwa kimeshaifunika nusu ya chini. Hautasukika."

"Basi utafanyaje?"

"Nitauvunja, nianze mwingine unaofuata nyumba yako ilivyo. Ukiniruhusu."

Bi. Mwanakheri alimtazama, kisu kimetulia mkononi. Bila shaka aliona binti anayesema kweli. Macho yake hayakuteremka.

"Nakuruhusu," alisema. "Na sharti langu ni moja. Nitauona kwa macho yangu. Sitaki simu. Wote mmeuona, hata wazungu wameuona, miye ambaye nimo ndani yake sijauona. Abdulhalim mniachie miye."

Nini alimwambia mwanawe haikujulikana, ila mafundi walipokuja baada ya Ijumaa walikuja na mbao, na Abdulhalim mwenyewe alishika msumeno.

Siku mbao zilipokamilika, Kadzo alisimama mbele ya mkeka wa kwanza na nyundo mkononi. Alikuwa amengoja kivuli kiupande ukuta, ahakikishe. Kilipanda, kifupi, kikafika katikati na kuchafuka, nusu imesukika na nusu imezimwa, kitu cha kusikitisha. Habari zilikuwa zimeenea, na Ashley alikuja mbio kutoka barabarani, viatu mkononi.

"Subiri! Kadzo, subiri! Kama huutaki, nipe mimi. Nguzo za zamani nitazitengeneza ndefu kama zilivyokuwa. Ni kazi nzuri, usiivunje!"

"Naitaka," Kadzo alisema. "Ndiyo maana."

"Hebu fikiri tena, mamangu," Gharib akadakia. "Wacha kipande hata kimoja, cha ukumbusho."

Kadzo alipiga moyo konde, akapiga na nyundo. Chokaa ikaruka. Pigo la kwanza lilimuuma hadi kwenye kizazi, la pili likamuuma kidogo tu, na baada ya hapo hakuhesabu wala hakusikia uchungu, alikuwa na kazi. Ashley alikaa barazani akalia machozi ya kweli, na nisingependa umcheke, kwa sababu hata Gharib alijifanya ana vumbi jichoni. Lakini ukweli ni kwamba ule haukuwa mkeka tena. Nusu yake ilikuwa imeondoka na zile nguzo ndefu, na nusu iliyobaki haikuwa na wa kukutana naye.

Kazi mpya haikufanana na ya kwanza. Nguzo fupi zilitoa kivuli kifupi, lakini ukingo ulikuwa mrefu, wa nyumba nzima, kwa hiyo Kadzo akaacha fikira za mkeka mpana. Alichonga ukili: ule ukanda mwembamba mrefu anaousuka mwanamke kwanza, mkono baada ya mkono, kabla haujashonwa kuwa mkeka. Aliuanzia kona ya duka na kuupeleka mpaka mwisho wa ukuta. Kila asubuhi, kabla ya kushika tindo, alipaza sauti, "Bi, naanza!" na sauti ya juu ikajibu, "Anza!" Mvua ziliponyesha alifunika kwa turubai akangoja. Chokaa ilipopasuka alibandua akatia upya. Wanaotembeza wageni walikuja wakauliza lini utakuwa tayari, naye akawaambia utakapokuwa tayari.

Ulipokuwa tayari, Bi. Mwanakheri alidai haki yake. Wakambeba kwenye kiti cha mikono, Abdulhalim chini na Gharib juu, wakamteremsha ngazi zile kali, Gharib akiomba Mungu kwa sauti kila hatua. Siku hiyo wingu likakaa juu ya kisiwa na halikutoka. Bibi aliketi kichochoroni amejitanda buibui lake, akangoja hadi Alasiri, akapandishwa. "Kesho," alisema. Kesho yake wakamteremsha tena.

Jua lilikuwepo. Abdulhalim alisimama mdomoni mwa kichochoro akakusanya simu za watu mmoja mmoja, na kwa ukubwa wake hakuna aliyebisha. Kivuli kikavuka njia, kikaugusa ukuta chini, kikapanda. Nguzo fupi zikaingia kwenye miyaa ya Kadzo, na ukili ukajisuka kutoka kona ya duka hadi mwisho, wote kwa pamoja, mrefu kuliko macho yanavyoweza kuushika mara moja. Kadzo hakuutazama ukuta. Alimtazama Bi. Mwanakheri.

Bibi aliufuata ukili kwa macho kutoka mwanzo hadi mwisho, akaurudia. Midomo yake ilikuwa inahesabu miyaa, au inaomba dua, haikujulikana. Kisha akaguna.

"Ni mzuri," alisema. "Mzuri sana, mwanangu. Na miye niko wapi?"

Kadzo alipiga magoti kando ya kiti. "Wewe hukuwekwa, Bi. Hakuna mtu humo. Ndivyo tulivyoufanya, usionekane."

"Ndivyo alivyotaka Abdulhalim."

"Na wewe pia, nilidhani."

"Miye nilitaka kuulizwa." Aliutazama ule ukili tena, uliokuwa umeanza kumezwa kwa chini. "Umri wangu wote niko juu ya dari ile. Nimeanika, nimepepeta, nimelea watoto watano, na watu wa chini hawajui kama kuna mtu. Siku ile moja walijua. Nilikasirika, ndiyo. Lakini niliitazama ile picha kwenye simu ya mjukuu wangu mpaka moto wa simu ukaisha." Akageuka. "Abdulhalim!"

"Labeka, mama."

"Nipandisheni. Kiti hiki mkiweke ukingoni. Kesho nitajitanda vizuri, nitasimama juu yake, nami niwemo."

"Mama, juu ya kiti? Kwa magoti hayo? Utaanguka."

"Basi utanishika."

Abdulhalim akainama, akashika miguu ya kiti.